Kiu Kando ya Bahari: Chumvi, Jasho na Maji ya Kunywa Visiwani Lamu

Kuna mashauri mawili kuhusu maji ya kunywa ambayo msafiri wa visiwa vya Lamu huyasikia mapema, na yanapingana waziwazi. La kwanza ni la baharini. Baharia aliyepitia mafunzo ya usalama atakwambia kwamba chombo kikizama, au mashine ikifa mbali na pwani, siku ya kwanza usinywe hata funda moja, na kuanzia siku ya pili unywe kwa kipimo, nusu lita kwa siku. La pili ni la nchi kavu. Anayefundisha safari za nyikani na jangwani atakwambia kinyume chake: maji unayo, kiu imekushika, kunywa. Wako watu waliokutwa wamekufa kwa kiu na chupa zao bado zina maji.

Mtu wa Lamu anaishi baina ya mashauri hayo. Asubuhi yuko ndani ya dau, adhuhuri yuko kwenye mchanga wa Shela au vichaka vya kisiwa jirani cha Manda, kesho yake yuko bara kwenye njia ya miji ya Hindi na Witu. Kwa hiyo swali la nani mkweli si la kubishania barazani tu. Jibu ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Kinachowatenganisha ni jasho, na jasho likieleweka, mengi yanayosemwa kuhusu kiu hujipanga yenyewe.

Mwili wa mtu mzima ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Mwenye kilo 70 hubeba lita 40 hivi. Maji hayo hutoka kila siku kwa njia nne: mkojo, choo, pumzi pamoja na unyevu unaopotea kupitia ngozi bila mtu kuuhisi, na jasho. Choo si kitu kwa mtu asiyeharisha. Mkojo hauwezi kukatika kabisa, kwa sababu figo zinahitaji kama nusu lita kwa siku ili kuondoa taka, hata ukiwa hujanywa kitu. Pumzi na ngozi huchukua karibu lita moja nyingine, na hapo huna la kufanya ila kufunga mdomo na kupunguza maneno. Inabaki njia ya nne. Mtu aliyekaa kivulini penye upepo hutokwa na jasho kidogo sana, ilhali anayesukuma mashua juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na hata zaidi. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kuifungua na kuifunga kwa uamuzi wake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Adolph aliwachunguza wanajeshi katika jangwa la California. Alikuta mambo mawili ambayo hadi leo watu wengi hawayaamini. Kwanza, mtu anayefanya kazi juani hanywi maji ya kutosha kurudisha alichopoteza, hata kama maji yako mbele yake, kwa sababu kiu huchelewa nyuma ya jasho. Pili, na hili ndilo kubwa, kunywa kidogo hakupunguzi jasho. Mwili huendelea kutoa jasho kulingana na joto na kazi, si kulingana na ulichokunywa. Anayejibana, akabaki na chupa yenye maji huku akitembea saa saba mchana, hajaweka akiba yoyote. Anakopa kutoka kwenye damu yake.

Sasa rudi kwenye mashauri yetu mawili. Aliye kwenye boti la kuokolea maisha hana pa kutembea. Anaweza kujilaza chini ya turubai, akalowesha nguo kwa maji ya bahari, na jasho lake likawa karibu na sufuri. Siku ya kwanza mwili wake bado umejaa, kwa hiyo angekunywa, ziada ingetoka kama mkojo tu. Tena hajui ataonekana lini, pengine baada ya wiki. Kwa mtu huyo kipimo kina maana. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka boti la kuokolea maisha liwe na lita 3 kwa kila mtu. Piga hesabu ya nusu lita kwa siku, ukiiruka siku ya kwanza, utaona lita hizo zinamfikisha siku ya saba. Majeruhi, mtoto na mwenye kuharisha hawaingii katika hesabu hiyo. Hao hunyweshwa tangu mwanzo.

Aliyepotea nchi kavu hali yake ni nyingine. Jasho linamtoka atake asitake, anahitaji akili timamu kuchagua njia, na mara nyingi atapatikana, au atafika, ndani ya siku moja au mbili. Ukipoteza asilimia 2 tu ya uzito wako, ambayo kwa mtu wa kilo 70 haifiki lita moja na nusu, kichwa huanza kugonga na uamuzi huharibika. Hapo ndipo mtu huacha njia anayoijua na kufuata njia ya mkato. Huyo anywe anapoona kiu, kisha aache kutembea hadi jua lipungue. Mwenye uwezo wa kulizuia jasho ndiye anayeweza kujipimia maji.

Bahari ikutolee jasho

Kitu kinachoupoza mwili ni kule kukauka kwa jasho juu ya ngozi. Kulowa peke yake hakupozi. Tone linalodondoka mchangani limepotea bure. Lamu hewa ina unyevunyevu mwingi, kwa hiyo jasho letu hudondoka sana na hukauka polepole, hasa mahali pasipo na upepo, kama ndani ya mikoko. Mgeni kutoka nchi kavu hudhani joto la pwani ni dogo kwa kuwa kipimajoto hakipandi sana, kumbe mwili wake unamwaga maji bila faida.

Hapa ndipo bahari, isiyonyweka, inapokuwa rafiki. Nguo iliyoloweshwa maji ya chumvi hupoza mwili sawasawa na jasho, na haikugharimu hata tone la maji uliyo nayo tumboni. Chovya kikoi au leso, jifunike kichwa na mabega, rudia ikikauka. Usivue shati. Adolph aliona kwamba aliyevaa nguo nyepesi juani hupoteza maji kidogo kuliko aliye kifua wazi, na wazee wetu wa kanzu na kilemba hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Ila jua likianza kushuka, kamua nguo na uziache zikauke, kwa sababu chumvi ikibaki kwenye ngozi huleta vidonda, na usiku wa baharini una baridi yake.

Chukua mfano wa kawaida. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa. Nahodha akichelewa, chombo hukaa kwenye tope, na itambidi asubiri maji yarudi, jambo ambalo huchukua saa nyingi. Kishawishi ni kushuka wote kusukuma. Dakika kumi za kwanza, maji yakiwa bado yapo chini ya ubao, kusukuma kuna maana. Baada ya hapo kila mnachokifanya ni kumwaga maji yenu ya mwilini kwenye tope. Tandazeni tanga liwe kivuli, loweni, kaeni. Waliofunga Ramadhani wanalijua hili bila kusoma popote: fundi wa juu ya paa na muuza duka wa chini yake hawafiki magharibi wakiwa katika hali moja, ingawa wote hawakunywa kitu tangu alfajiri.

Na kwa kuwa tumegusa ibada, aliyebaki na maji ya kunywa tu ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji ya udhu. Nimewahi kuona watu wakitawadhia maji ya dumu la mwisho safarini, kwa uchaji wa kweli, na sheria yenyewe imeshawapunguzia.

Kwa nini maji ya bahari hayanyweki

Kila mtu anajua kwamba maji ya bahari hayanyweki, lakini sababu haielezwi mara nyingi, na asiyeielewa sababu hushawishika siku ya tatu. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, sawa na vijiko sita hivi vya chai. Figo zina kikomo cha kukoleza mkojo, na kikomo hicho hakizidi ukali wa bahari yenyewe. Tena figo hazitoi chumvi peke yake. Zina taka nyingine za kutoa kwa maji hayohayo. Matokeo yake ni kwamba ukinywa lita moja ya bahari, mwili unahitaji kama lita moja na nusu ya mkojo ili kuondoa mzigo wote. Umeingiza moja, umetoa moja na nusu. Umezidi kukauka, na juu ya hayo tumbo litaharisha.

Kuna hadithi inayorudi kila mara ya daktari Mfaransa Alain Bombard, aliyevuka Atlantiki kwa mtumbwi wa mpira mwaka 1952, siku 65 kutoka visiwa vya Kanari hadi Barbados, akidai kwamba aliishi kwa maji ya bahari kidogo kidogo na majimaji aliyokamua kutoka kwa samaki. Kwamba alifika ni kweli. Lakini njiani alinyeshewa na mvua pia, na daktari Mjerumani Hannes Lindemann, aliyevuka bahari hiyohiyo kwa mtumbwi miaka michache baadaye, alirudi na hukumu tofauti: maji ya bahari yanadhuru. Mafunzo ya usalama wa baharini leo yanamfuata Lindemann.

Mkojo nao ni vilevile. Mwili umeshautupa kwa sababu, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyozidi kukolea. Heri uumwage kwenye nguo upoze ngozi, kama bahari haiko karibu. Kuchemsha maji ya bahari hakusaidii pia, maana mvuke huondoka na chumvi hubaki, yakazidi kuwa makali. Anayetaka faida atafute ule mvuke: sufuria ya maji ya bahari juu ya moto, kitambaa safi juu yake, kisha akamue kitambaa. Inafanya kazi, lakini hula kuni nyingi na hutoa maji kidogo, na mtu anayekata kuni mchana amerudi kwenye hesabu ya jasho.

Usichimbe sana

Watu wengi hudhani kisima kikiwa kirefu ndivyo maji yanavyokuwa matamu. Bara huenda ikawa hivyo. Kisiwani ni kinyume.

Maji ya mvua yakizama mchangani hayachanganyiki mara moja na ya bahari yaliyo chini. Maji ya bahari ni mazito zaidi, kiasi cha asilimia 2.5, kwa hiyo yale matamu hukaa juu yake. Mholanzi Willem Badon Ghijben na Mjerumani Alexander Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, waliliweka jambo hili katika hesabu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi zilizozama chini ya usawa huo. Ni hesabu ya kupendeza unapoisoma mbele, na ya kutisha unapoisoma nyuma. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka kwa mita moja, maji ya chumvi yatatafuta njia ya kupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana kisima kinachotekwa kwa ndoo kinaweza kudumu vizazi, na jirani yake chenye pampu kubwa kikageuka chumvi ndani ya misimu michache.

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, unaishi kwa hesabu hiyo. Maji yake hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mchanga ule mwembamba unameza mvua upesi kabla jua halijaipata, unaichuja, na unayazuia maji ya bahari yasipenye kwa haraka. Kila gari la mchanga linalochukuliwa pale, na kila nyumba inayochimbiwa choo juu ya tuta, inagusa tangi la mji mzima. Sijui kwa nini jambo hili bado linahitaji kubishaniwa.

Vuka mlango hadi Manda, mwendo mfupi tu kwa mashua, na hali inabadilika. Manda kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu na nyufa. Maji ya bahari huingia na kutoka humo kila yakijaa na kupwa, yakayachanganya yale matamu kabla hayajakusanyika. Mji wa Takwa, uliostawi huko kati ya karne ya 15 na ya 17, ulihamwa, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Wakazi wake wanasemekana kuvukia Shela, yaani upande wenye mchanga. Watu wa Shela wameendelea kwenda Takwa kwenye kaburi la nguzo kuomba dua ya mvua.

Kwa aliyekwama ufukweni, mafunzo ni haya. Usichimbe pale mawimbi yanapofika, wala usipande juu ya tuta. Tafuta bonde lililo nyuma ya tuta la kwanza, mahali pa chini kabisa, hasa penye majani mabichi au mikoma, mti ambao hupenda mahali ambapo maji ya chini hayako mbali. Chimba jua likiwa limepungua. Mchanga ukianza kulowa, nenda polepole. Maji yakijitokeza, simama. Yale ya juu kabisa ndiyo matamu. Teka kwa kifuu, kidogo kidogo, na usikoroge. Ukiongeza kina kwa tamaa utayafikia ya chumvi na kuyaharibu yote. Kama hata ya juu ni makali, sogea mbali zaidi na bahari, ujaribu tena jioni nyingine.

Vipi maji yenye chumvi kidogo, yale ya visima vya kiangazi ambayo wenyeji huyanywa na wageni huyatema? Jambo ni kiasi. Maji yenye chumvi sehemu moja ya kumi ya bahari figo zinaweza kuyashinda na bado ukabaki na faida. Ulimi ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyodhani: ukiweza kuyanywa bila kukunja uso, yana faida, yakikuchoma koo, yaache. Na usichanganye maji matamu uliyo nayo na ya bahari ili yaongezeke. Utakachoongeza ni kazi ya figo.

Mikoko isikudanganye. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa macho ya mgeni ule ukijani unatangaza maji. Lakini mkoko wenyewe huizuia chumvi mizizini, na mchu, mti mwenzake wa msitu huohuo, huitoa kupitia majani. Lamba jani la mchu utaiona. Maji ambamo miti hiyo imesimama ni ya bahari.

Kilichotoka mbinguni

Kaskazini zaidi, Pate, Ndau, Kiwayu hadi Kiunga, ambako visima vingi ni vya chumvi, watu walijenga jabia: uwanja uliosakafiwa, umeinama kidogo kuelekea kwenye tangi lililochimbwa chini yake. Hesabu ya jabia ni nyepesi kuliko zote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Uwanja wa mita 20 kwa 30 ukipata mvua ya milimita 50, unapokea lita 30,000, ukiondoa zinazoruka na kufyonzwa. Na kwa kipimo hichohicho, turubai la mita 2 kwa 3 lililotandazwa juu ya mashua hupokea lita 60 kwa mvua ya milimita 10, ambayo masika huweza kunyesha kabla hujamaliza kufunga vyombo.

Kwa hiyo baharini mvua ndiyo kisima. Mwaka 1942 baharia Mchina Poon Lim alibaki peke yake kwenye chelezo cha mbao baada ya meli yake kupigwa na nyambizi ya Wajerumani katika Atlantiki, akaishi siku 133 hadi wavuvi wa Brazil walipomwona. Maji aliyoyakuta chelezoni yalikwisha mapema. Yaliyomweka hai ni mvua aliyoikinga kwa turubai. La kukumbuka ni kwamba tanga na turubai la baharini limejaa chumvi kavu. Mvua ikianza, maji ya kwanza yaache yaoshe kitambaa na kuondoka, halafu ukinge. Alfajiri nayo ina umande: pangusa mbao, mashine na kitu chochote cha bati kwa kitambaa kisafi, kamua. Ni mafunda machache tu, lakini hayakugharimu jasho.

Ugumu ni majira. Masika huanza Aprili, vuli huja Oktoba na Novemba, na kati ya Januari na Machi mbingu hufunga. Miezi hiyohiyo bahari hutulia kwa kaskazi, na wavuvi wenye vyombo vidogo huenda mbali kuliko wakati wa kusi. Yaani visima vinapokauka ndipo watu wanapotawanyika zaidi. Anayetoka kuelekea Kiwayu mwezi Februari na ahesabu lita 3 au 4 kwa kila mtu kwa siku, aongeze ya siku moja asiyoipanga, na maji yasiwe katika dumu moja, maana dumu moja likipasuka safari nzima imepasuka.

Vingine vinavyotajwa nitavipitia kwa haraka. Dafu ni maji safi yaliyofungwa vizuri, na mwenye kuliangua ana bahati. Lakini kukwea mnazi mchana ni kazi, na kuanguka kutoka mnazini ni msiba. Maji ya nazi iliyokomaa yakinywewa kwa wingi huharisha. Mibuyu ya kale huwa na mashimo yanayokusanya mvua, na maji hayo yanafaa baada ya kutibiwa. Mti wowote unaotoa utomvu mweupe usiuguse kwa kiu, hasa mnyaa, ambao utomvu wake huunguza na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Lile shimo lililofunikwa nailoni, maji yakidondokea kikombe cha katikati, lilibuniwa na wanasayansi wa Marekani katika miaka ya 1960 na nadhani limechorwa mara nyingi kuliko lilivyomnywesha mtu. Kulichimba hutoa jasho ambalo shimo lenyewe huchukua muda mrefu kulirudisha.

Chakula kinahitaji neno zaidi. Kisichojulikana na wengi ni kwamba kula kunakula maji. Nyama na samaki ni protini, na taka ya protini hutoka kwa mkojo. Ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ni baya mara mbili, kwa protini na kwa chumvi, nalo ndilo hubaki ndani ya chombo kwa kuwa halivundi. Maji yakiwa haba, ng'onda likae. Wakati wa Vita vilevile vya Pili vya Dunia, mtafiti James Gamble wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwapima watu waliojitolea kukaa kama waliovunjikiwa na chombo, akakuta kwamba gramu 100 hivi za sukari kwa siku zinapunguza maji yanayopotea, kwa sababu mwili hupata nguvu kutoka kwenye sukari badala ya kula misuli yake na kuzalisha taka. Hivyo tende chache au kipande cha halua ni chakula cha baharini cha kitaalamu kabisa.

Maji yaliyopatikana si lazima yawe salama

Hapa watu huchanganya mambo mawili: chumvi na vijidudu. Dawa ya klorini, kuchemsha na jua haviondoi chumvi. Vinaua vijidudu tu. Ukiwa na moto, maji yakichemka na kutokota kwa dakika moja yametosha. Usipokuwa na moto, jaza chupa ya plastiki angavu, isiyozidi lita mbili, uilaze juani saa sita; siku ya mawingu, iache siku mbili. Maji yawe angavu kiasi cha kuweza kusoma gazeti lililowekwa nyuma ya chupa, la sivyo mwanga haupenyi.

Yakiwa na uchafu, yachuje kwanza kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi. Leso kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kujaa. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kuchuja hivyo kwa kitambaa cha sari kulipunguza kipindupindu karibu kwa nusu, maana vijidudu vyake hujishikiza kwa viumbe vidogo vinavyokwama kwenye nguo. Majumba ya Lamu yalikuwa na njia yao: ndani ya birika, yaani tangi la maji la nyumbani, waliweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu.

Lakini ikiwa huna moto, huna chupa, na mtu anaanza kuweweseka, na anywe maji yaliyopo. Kuhara kutakuja baada ya siku na kuna tiba. Kukauka kunaua leo.

Dalili za kutazama ni hizi: mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi, mdomo mkavu, kichwa kuuma, kisunzi akisimama, hasira zisizo na sababu. Mzee huwa hahisi kiu ipasavyo, kwa hiyo usimuulize kama ana kiu, mpe. Anayepotewa na fahamu, mwili ukiwa moto kama wa homa, ana ugonjwa wa joto, na huyo hahitaji kikombe kwanza. Anahitaji kivuli, kumwagiwa maji mwili mzima, hata ya bahari, na kupepewa, kisha hospitali. Usimlazimishe kunywa akiwa hajitambui, atapaliwa.

Aliyepatikana akiwa mkavu lakini ana fahamu, usimpe jagi zima, atatapika. Mpe funda, subiri, mpe tena. Kama huna pakiti ya dawa ya maji na chumvi, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Sukari husaidia utumbo kuivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Usizidishe chumvi kwa kudhani unamsaidia. Vijiko sita vyake ni bahari. Onja kabla hujampa: isizidi chumvi ya machozi. Aendelee na hiyo hadi akojoe, na mkojo uwe mweupe.